Gunia la Mahindi kwenye Ngobyi

Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, na siku zote tatu tulikula wali. Naanza na wali kwa sababu ndio uliotutoa wengi wetu majumbani, tusidanganyane. Kikundi chetu cha wafuga nyuki kilikuwa kimeletewa barua kwamba wataalamu wanakuja Busunzu kutufundisha huduma ya kwanza ya porini, yaani namna ya kumsaidia mtu aliyeumia mahali ambapo zahanati iko mbali na simu haishiki mtandao. Mimi nilikuwa katibu. Niliisoma barua ile mbele ya wenzangu, nikaongeza na maneno yangu kuhusu thamani ya uhai, na mkono wa kwanza kunyooshwa uliuliza kama kutakuwa na chakula.

Sikuwa na haki ya kuwacheka. Kila mwaka mvua zikiisha tunapakia sufuria, unga na kamba kwenye baiskeli, tunaingia msituni wiki mbili au tatu kutundika mizinga na kurina asali. Huko nimeona mtu akigongwa na nyoka, nimeona mwingine akivimba uso kwa nyuki mpaka macho yakapotea. Tulichojua sisi ni kufunga kamba, kuchanja kwa wembe, kuomba kwa sauti kubwa, na kubeba. Waliopona walitutia kiburi. Waliokufa tuliambiwa siku zao zilikuwa zimefika, na mjadala ukafungwa hapo.

Mwalimu alitoka Dar es Salaam. Alikuwa na viatu vipya vya porini na Kiswahili cha haraka, na vijana wetu walianza kumwiga siku hiyohiyo. Alikuwa mtu mzuri. Nalisema hilo kwa taabu, maana ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mpumbavu. Alikuwa na mdoli wa mazoezi, mtu mzima wa plastiki wa kukandamizwa kifua, lakini mdoli huo ulibaki Kibondo mjini kwa sababu gari lilijaa katoni za maji ya kunywa. Alituomba radhi. Akasema leo tutatumiana sisi wenyewe.

Siku mbili za kwanza tulitumiana kweli. Tulitandika mikeka ndani ya banda la kanisa, mmoja anajifanya kaumia, mwenzake anapiga magoti kando yake. Tulifundishwa kutazama kifua kama kinapanda, kuweka shavu karibu na mdomo wa mgonjwa tuisikie pumzi, kumlaza ubavu asije akapaliwa na matapishi. Tulifundishwa kuifunga fito kwenye mguu uliovunjika, na kwamba kuchanja kwa wembe ni ujinga. Wazee walinuna kwa hilo la wembe. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa majeruhi bora kuliko wote. Alikuwa analia, anazungusha macho, anamwomba mwalimu soda kabla hajakata roho, na banda zima linavunjika mbavu.

Huyo mdogo wangu nilimlea mimi. Baba yetu alifariki yeye akiwa bado anatambaa, na mama hakuwa na mtu mwingine wa kumsaidia. Nilimnunulia daftari, nilimpeleka kwao msichana wa Titye, kule Kasulu, nilipokwenda kumposea, na nilisimama upande wake siku ya harusi. Alikuwa anapanda mti kuliko mtu yeyote kikundini. Mizinga ya juu kabisa ilikuwa yake. Hata alipokuwa na mke na mtoto, nikimwambia kaa anakaa.

Siku ya tatu ilikuwa ya kubeba. Mwalimu aliuliza sisi huwa tunabebea nini wagonjwa, tukamletea ngobyi. Ngobyi ni machela yetu ya kufuma, imeshikwa na miti miwili mirefu, inabebwa mabegani na watu wanne. Kila kitongoji kinayo, na kila kaya inatoa mtu wa kubeba. Asiyetoa bega lake atakuja kuzika peke yake. Ukikutana nayo njiani unatua ulichobeba, unapokea, unamsogeza mgonjwa mbele, kisha unarudi kuchukua mzigo wako. Mwalimu aliishika, akaivuta huku na huku, akasema hii ni imara kuliko zile walizonunua wao. Tulifurahi kama watoto. Kisha akauliza, "Haya, nani analala?"

Watu wakarudi nyuma hatua moja.

Niwaeleze wasiotoka kwetu. Ngobyi hailaliwi na mzima. Huwezi kuijaribu kama mtu anavyojaribu koti mnadani. Inambeba anayeumwa, na mara nyingi ndiyo inayomrudisha akiwa maiti, kwa hiyo mzima anayejilaza humo anajitakia. Mama yangu alivuka mpaka upande wa Manyovu akiwa msichana mdogo, akikimbia vita Burundi, na baba yake alikuwa juu ya ngobyi. Babu alifika Tanzania akiwa tayari amekufa. Mama alituhadithia hayo mara moja tu, lakini nyumbani kwetu hata mtoto akicheza kwa kulala kwenye kipande cha mkeka kilichobebwa na wenzake, alikuwa anachapwa. Sisi ni Wakristo, tunakemea mizimu na waganga kila Jumapili. Lakini ngobyi si mizimu. Ngobyi ni adabu.

Mdogo wangu akacheka. "Nitalala mimi," akasema. "Si nimeshakufa mara nne tangu juzi?" Akavua ndala zake, akaweka mkono mmoja kwenye mti wa ngobyi.

Nilimvuta kwa shati mpaka kifungo kikatoka. Nilimwambia kwa Kiha maneno ambayo mwalimu hakuyaelewa, na nilimwambia mbele za watu. Akavaa ndala. Hakukasirika, alisema tu, "Sawa, kaka," akaenda kukaa nyuma.

Kisha mimi, katibu, mwenye maneno mengi, nikasimama na kutoa suluhisho. Nilisema kuna gunia la mahindi stoo ya kanisa, uzito wake ni kama wa mtu mzima, tulipakie hilo. Watu walipiga makofi. Nakumbuka vizuri kwamba walinipigia makofi.

Mwalimu alisita. "Gunia sawa," akasema, "lakini mgonjwa ana uso, katibu. Lazima mtu mmoja atembee pembeni ya uso wake. Hashiki kitu, kazi yake ni uso tu. Amtazame, amwongeleshe, akianza kutapika awasimamishe, mumgeuze. Sasa kwa gunia mtajifunzaje hilo?"

"Hilo tumelielewa, mwalimu," nikamwambia. "Tutaliona kama lina uso."

Watu walicheka tena. Mwalimu akatazama saa yake. Walitakiwa kufika Kasulu kabla ya giza, na cheti cha kila mtu kilikuwa bado hakijaandikwa jina. Akasema haya.

Tukalipakia gunia. Tulilifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kifuani, kiunoni, miguuni, kama lingekuwa na kifua na miguu. Mwalimu alitugawa makundi mawili tushindane kuzunguka uwanja wa kanisa, yeye akipima muda kwa simu. Kazi ya kuangalia uso alipewa mzee mmoja wa kikundi chetu. Mzunguko wa kwanza alikimbia pembeni akilisalimia gunia, "Unaendeleaje, baba? Mwakeye?" na wanawake waliokuwa wanapika walikaa chini kwa kicheko. Mzunguko wa pili pumzi ilimwisha, akaachwa nyuma, na hakuna aliyegundua kwamba hayupo. Tulikuwa tunatazama miguu yetu. Kundi letu lilishinda. Zawadi ilikuwa mche wa sabuni kwa kila mtu.

Nimefikiria sana kuhusu ile sabuni. Tulifundishwa kubeba na tukafuzu kubeba. Tulichojifunza sawasawa siku ile ni kwamba anayefungwa vizuri haanguki, na anayekimbia zaidi ndiye anayeokoa.

Mwezi wa sita tuliingia msituni watu saba. Kila kambi ilikuwa imeagizwa iwe na machela yake, kwa hiyo tulifunga ngobyi juu ya baiskeli, na mkoba wa huduma ya kwanza nikaubeba mimi. Kutoka kambini mpaka barabara inakopita gari ni mwendo wa saa tatu kwa mguu, na ukiwa na mzigo ni zaidi.

Siku ya tisa, asubuhi, baada ya kula ugali wa muhogo na asali, mdogo wangu alipanda mti mmoja mrefu wa mtundu kutundika mzinga. Tulikuwa tunauvuta mzinga kwa kamba kutoka chini. Tawi alilokanyaga lilikuwa limeoza ndani. Sikumwona akianguka, niliona kamba ikilegea mikononi mwangu, halafu nikasikia kishindo.

Hapa ndipo ninapotaka kusomwa kwa makini, maana watu husema wakulima hatufundishiki. Chini pale tulifanya kila kitu. Hakuna aliyekimbilia kumwinua. Nilipiga magoti, nikaweka shavu langu karibu na mdomo wake, nikaisikia pumzi. Nilitazama kifua, kilikuwa kinapanda. Alikuwa anaguna, anamwita mama, kisha anapotelea. Paja la kushoto lilikuwa limevunjika. Tulimlaza ubavu, wote kwa pamoja, kichwa kimeshikwa, na alipotapika kidogo, matapishi yalitoka yakamwagika majanini kama tulivyoambiwa. Nilikata fito mbili, nikaufunga mguu kwa bendeji, nikakagua vidole kama vina joto. Kama mwalimu angekuwepo angetupa vyeti vingine.

Kisha tukaleta ngobyi, na tukalipakia gunia.

Sina namna nyingine ya kusema. Tulimlaza chali kwa sababu gunia tulililaza chali. Tulimkaza kwa mpira kifuani, kiunoni na miguuni. Tulimwekea makoti mawili kila upande wa shingo ili kichwa kisiyumbe, jambo ambalo pia tulifundishwa, na sasa hata kama angetaka kugeuza uso asingeweza. Tukamfunika uso kwa kitenge, maana mbung'o walikuwa wengi na jua lilikuwa limepanda, na kwetu mgonjwa haonyeshwi njiani kama samaki wa kuuzwa. Yote hayo tuliyafanya kwa upendo. Hakuna hata mmoja aliyesema nani atakuwa wa uso. Tulikuwa sita, wanne wa kubeba na wawili wa kupokezana, na wawili hao wakatangulia kufyeka njia na kutafuta mahali simu inaposhika.

Mimi nilishika nyuma, upande wa kulia, kichwani kwake. Katikati ya kifua changu na mdomo wake hapakufika urefu wa mkono. Tulikimbia. Si mchezo, tulikimbia na mtu mzima mabegani kwenye njia ya mizizi, tukivuka vijito kwa mawe, na hatukumtikisa. Kwenye mashamba ya mwanzo tuliwakuta wanaume wanavuna mahindi, wakatupa mapanga na vikapu, wakaja kupokea bila kuulizwa, wakipiga kelele, "Mwihute! Mwihute!" yaani tufanye haraka. Wenzangu watatu walipokewa. Mimi nilikataa. Mtu alikuja kuweka bega lake nikamsukuma kwa kiwiko. Nilisema huyu ni wangu, nitamfikisha mwenyewe. Nilijiona shujaa, na naliandika neno hilo nikiwa nimekunja uso.

Gari la mizigo lilitukuta barabarani, likatupeleka zahanati. Tabibu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole. Alikifunua kitenge. Alimfungua mpira wa kifuani, akamgeuza ubavu yeye na muuguzi, akaingiza vidole mdomoni, akatoa ugali. Alirudia mara mbili. Aliweka kipimo chake kifuani, akasikiliza muda mrefu kuliko ulivyohitajika, nadhani kwa ajili yetu.

"Ameacha kupumua saa ngapi?" akauliza.

Wanaume sita, jasho linatutiririka, wote na vyeti, na hakuna aliyetaja saa.

"Huyu hakuondoka sasa hivi," akasema taratibu. Kisha akaushika ule mguu, akapitisha mkono juu ya fito. "Nani amefunga hapa?"

"Mimi."

"Umefunga vizuri," akasema.

Alimaanisha kunifariji, najua. Lakini mpaka leo nikisikia mtu anasifiwa kwa kazi nzuri, nasikia sauti ya tabibu yule.

Kijijini maneno hayakuchelewa. Watu walikumbuka ndala zilizovuliwa na mkono uliowekwa juu ya mti wa ngobyi. Walisema alijitakia, ngobyi ilimsikia ikamwita. Mwinjilisti mmoja alikwenda mbali zaidi, akasema msibani kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimekaa safu ya mbele. Mdogo wangu alisikia la mkuu. Mkuu alimwambia vaa ndala akavaa, kaa nyuma akakaa, na guu likavunjika vilevile. Ningesimama nikasema hivyo. Sikusimama, kwa sababu maneno yale ya ngobyi kumwita yalikuwa yananifaa. Yalimwondolea kila mtu hatia, na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Baada ya mwezi walikuja watu wa mafunzo, si mwalimu, vijana wengine wawili wenye kamera na fomu. Walikuwa wamesikia kwamba kikundi chetu kilimtoa majeruhi msituni kwa muda mfupi kuliko vikundi vyote. Walitupa pole ya msiba, kisha wakauliza kuhusu muda. Fomu ilikuwa na mstari unaosema: mgonjwa alifikishwa kituo cha afya, ndiyo au hapana. Nilitia alama kwenye ndiyo. Ilikuwa kweli. Wakatupiga picha tukiwa tumesimama na ngobyi tupu, na mmoja akaniambia nitabasamu kidogo, mzee. Nilimtazama tu, akapiga hivyohivyo.

Mjane wa mdogo wangu hakuwepo siku ya kifo. Alikuwa kwao Titye, amempeleka mtoto kwa bibi yake, na alipofika kwa basi tulikuwa tumeshachimba kaburi. Hakulia kwa kelele kama wanawake wengine. Aliniita kando, nyuma ya jiko, akaniuliza jambo moja.

"Shemeji, njiani alisema nini?"

Ningemwambia sijui. Lakini ningemwambiaje kwamba nilitembea naye kifuani pangu saa tatu, na sikuufunua uso wake hata mara moja? Nikamwambia, "Alikutaja wewe."

Alifunga macho, akaitikia kwa kichwa. Nilidhani nimetenda wema.

Nilichosahau ni kwamba tulikuwa sita. Naye, kwa utaratibu wake, aliwaendea wote. Mmoja alimwambia marehemu aliomba mtoto asomeshwe. Mwingine alimwambia aliimba ubeti wa wimbo wa kanisani. Mwingine, mzee yuleyule aliyekuwa akisalimiana na gunia, alisema marehemu alicheka akasema mwambieni mke wangu nitachelewa. Kila mtu alimpa kitu, maana kila mtu alikuwa anaogopa kuulizwa. Hatukupanga. Huo ndio umoja wetu, tunabeba pamoja hata uongo.

Arobaini ilipopita akarudi kwao na mtoto. Nilichelewa kwenda kumwona. Nilikuwa na sababu nyingi: maharage, mvua, baiskeli, mama anaumwa. Mwishowe, mwaka karibu unaisha, nilipanda basi mpaka Kasulu, nikashuka, nikapata pikipiki ya kunifikisha Titye, nikiwa na ndoo ya asali na nguo za mtoto.

Alinipokea vizuri. Alinitengea kiti, akamwita mtoto aje anipe shikamoo, akaniletea chai na muhogo wa kuchemsha. Mtoto alikuwa amefanana na baba yake mpaka inaudhi. Tuliongea habari za mashamba. Kisha akamtuma mtoto kwa bibi, akakaa chini mkekani mbele yangu, mikono mapajani.

"Shemeji, nimekaa nayahesabu maneno yake," akasema. "Alinitaja. Akasema habari za shule ya mtoto. Akaimba. Akacheka. Akawatuma waniambie atachelewa."

"Ego," nikasema. Ndiyo. Nilikuwa natazama muhogo.

"Nimeyarudia kanisani hapa kwetu, wamama wakalia. Halafu siku moja nalima peke yangu nikajiuliza. Mtu wa kuimba ana pumzi. Mtu wa kucheka ana pumzi." Aliongea taratibu, bila kupandisha sauti, kama mtu anayemfundisha mtoto kusoma. "Paja haliui mtu anayeimba, shemeji. Sasa nyie mlimfanya nini?"

Nilijaribu kusema kwamba ni kazi ya Mungu. Alinyanyua kiganja.

"Oya," akasema. Hapana. "Ya Mungu nitamuuliza Mungu. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma," nikasema. "Upande wa kichwa."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Mwanzo mpaka mwisho."

"Basi niambie ulichosikia wewe. Usiniambie cha wenzako."

Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia, hata mama, hata mke wangu. Sikumwambia tabibu aliponiuliza saa. Lakini mwanamke yule alikuwa ameketi ananisubiri, na niliona kwamba angenisubiri mpaka jioni.

"Hakusema neno," nikamwambia. "Hakuimba. Alikohoa. Alikohoa chini ya kitenge kama mtu aliyepaliwa na maji, na miguu ikajivuta ndani ya mpira. Nikamwambia vumilia, mdogo wangu, tunafika. Nikawapigia kelele walio mbele waongeze mwendo. Akanyamaza. Nikafurahi, nikajua maumivu yamepungua."

Nje bibi alikuwa anamwita mtoto aache kuchezea maji.

"Hapo mlikuwa wapi?" akauliza.

"Kwenye mteremko wa kwanza, tunashuka kijitoni."

"Na kutoka hapo mpaka barabarani?"

Nilitamani kumdanganya kwa mara ya mwisho, lakini sikuweza.

"Saa mbili za kutembea," nikasema.